Wasindikizaji wa Betri

Makame alitoka kwa kinyozi akiwa amenyolewa shavu moja. Ilikuwa Vwawa, siku ya gulio, mwaka 2014, na kinyozi alibaki na mashine mkononi akiuuliza mgongo wake, "Bosi, na huku je?" Bosi hakusikia. Macho yake yalikuwa barazani, pale kwenye soketi ambayo kinyozi huwakodishia watu wanaochaji simu.

Barazani palikuwa na baiskeli ya umeme. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa mbele yake, na mama mmoja wa makamo amekandamiza plagi ya chaja kwa kiganja. Plagi yenyewe ilikuwa imefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi, kisha ikaegemezwa jiwe. Kila lori la Zambia lilipopita barabarani, baraza ilitetemeka na taa ya chaja ikazimika.

"Imetoka," mzee alisema.

"Imeingia," mama alijibu, akikandamiza tena.

Walikuwa katika kazi hiyo tangu asubuhi. Mimi na wewe tungewaona wazee wawili wanaotaabika na kitu kibovu, tukawaonea huruma na kupita. Makame aliona friji.

Friji ilikuwa ya Fauzia. Yaani haikuwepo bado, lakini ilikuwa ya Fauzia. Bibie huyu alikuwa na banda la chakula Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, na pilau yake madereva waliisimulia mpaka Lubumbashi. Makame alikuwa amemposa mara tatu, na mara ya tatu akapewa jibu lenye masharti: "Mimi nataka friji, niuze juisi ya baridi. Niletee friji, nami nitakuletea neno unalolitaka." Tangu siku hiyo Makame aliweka akiba kwenye kopo la maziwa ya unga, na kwa mara ya kwanza maishani hakulidokoa. Alimpenda Fauzia kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote nitakayosema juu yake hayampendezeshi.

Kopo lilikuwa limebakiza kidogo tu lifikie bei ya friji. Na ndani ya betri ya baiskeli kama ile, Makame alijua, kuna vibetri vidogo arobaini vilivyopangwa, ambavyo mafundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huvinunua kama karanga ili watengeneze chaja za kubeba mfukoni. Ukivitoa, ukajaza mchanga, ukafunga vizuri, una siku mbili tatu za kupotea kabla mwenye mali hajajua. Mtu huyu aliyetoka Unguja na begi moja aliwahi kuuza simu ambayo ndani ilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Mnunuzi alipomkamata na kulalamika, Makame alimkumbusha kwamba sabuni nayo imepanda bei.

"Shikamooni wazee wangu," akaanza.

"Marahaba," wakajibu wote wawili, wakilitazama lile shavu lenye ndevu.

"Hiyo sistimu chaji imekufa." Ndivyo mafundi simu wanavyoliita tundu la kuchajia, na Makame alikuwa amekaa nao vya kutosha kuiba maneno yao. "Tazameni hapa palivyoungua. Pini imelegea, moto unaruka. Siku moja mtalala na nyumba, mtaamka na majivu."

"Uwii," alisema mama. Aliitwa Enesi, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha kule kijijini Ruanda, na alikuwa na daftari kwapani. "Tufanyeje?"

"Inatakiwa sistimu chaji ya ndege."

"Ya ndege?"

"Ya ndege, mama. Ndege ikiwa juu si inatikisika? Umewahi kusikia rubani amefunga plagi kwa mpira wa tairi?"

Enesi alifikiri kwa uaminifu, akakiri kwamba hajawahi. Mzee Osea, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, akauliza swali lililomkaa kooni. "Ni bei gani?"

"Kwenu ninyi, bure. Niko kwenye ofa."

Ofa hiyo Makame alikuwa ameizaa sekunde ile ile, lakini neno bure lilimwingia Mzee Osea mpaka magotini, akainuka bila kushika ukuta. Hata hivyo akatikisa kichwa. "Betri si yangu. Ni ya kikundi. Alituachia mtaalamu mmoja wa kahawa alipomaliza mkataba wake. Lazima kikao kikae."

Kikao kikakaa Jumamosi, kwenye ghala la kahawa, wajumbe kumi na saba juu ya magunia. Kikafunguliwa kwa sala. Yakasomwa yatokanayo na kikao kilichopita, ambayo yalihusu ndoo iliyopotea, na ndoo ile ikajadiliwa saa nzima wakati Makame anatabasamu mpaka taya zikamuuma. Hatimaye akapewa nafasi. Alieleza jinsi sistimu chaji ya ndege inavyoivuta chaji kwa nguvu, kiasi kwamba betri itajaa kabla chai haijapoa. Wakapiga makofi.

"Basi naondoka nayo leo," alimalizia. "Baada ya siku mbili mnayo."

"Haiendi peke yake," alisema Mzee Osea.

Makame akacheka. Wajumbe hawakucheka.

Mzee Osea akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mkwe mila za ukoo. Zamani kahawa yao ilipakiwa kwenye lori kwenda kiwandani, ikatoka Ruanda safi, ikafika huko nusu yake kokoto. Tangu hapo, gunia likisafiri, wanachama wawili hupanda juu yake, hulala juu yake, na hawalishuki mpaka lipimwe mbele ya macho yao. "Na siyo kahawa tu. Mali yoyote ya kikundi ikitoka, ina wasindikizaji wawili. Hata ile ndoo ingekuwa nao tusingefika hapa."

Sasa, Makame alilelewa mahali ambapo mtu husema "karibu" hata akiwa anafunga mlango. Ulimi wake ukatangulia mbele ya akili. "Ah, baraka hizo! Kwetu mgeni ni neema. Waje! Watakula kwangu, watalala kwangu, kila gharama juu yangu, hadi betri ikamilike. Hata mwaka!"

"Rudia polepole, mwanangu," Enesi alimwomba.

Makame alidhani amemgusa moyo, akarudia kwa madaha zaidi, akaongeza na kuku. Enesi alikuwa anaandika. Likawa azimio namba nne, likasomwa, likapitishwa bila kupingwa, na fundi akatakiwa kutia sahihi chini ya neno kuku.

Kisha wakaitundika betri kwenye mizani ya kahawa. Kilo tatu na robo. Hiyo nayo ikaandikwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Makame, aliyetegemea kurudi Tunduma na betri, alirudi na betri, mama mmoja, mzee mmoja, mizani, na mkungu wa ndizi wa kumshukuru mwenyeji. Alikuwa na chumba kimoja na baraza. Enesi alipewa kitanda, Mzee Osea mkeka, na betri ikalala chini ya kichwa cha Mzee Osea, imefungwa kitambaani kama mto. Mwenyeji akalala barazani.

Asubuhi akawapeleka kwa Fauzia. Alisimama kando akamnong'oneza, "Hawa ni wateja wangu. Wape chochote, utaniandikia."

"Sikuandikii, Makame," alisema Fauzia. "Mapenzi mapenzi, pilau pilau. Mkononi."

Makame akachungulia kopo, akalipa. Ni siku mbili tu, alijiambia. Wazee watachoka, watatamani ng'ombe wao.

Mzee Osea alionja ile pilau, akafunga macho. "Mama Enesi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nina miaka sitini na nane, na nilikuwa nadhani wali ni kitu cha Krismasi."

Aliongezwa. Akaongezwa tena. Kuku wa azimio namba nne aliliwa mchana, na Enesi akaweka alama ya vema kwenye daftari.

Akili ya Makame haikulala. Alianza kwa kuwapeleka matembezi. "Jamani, hamjaona mpaka! Ng'ambo ile ni Zambia. Vitenge huko ni bwerere."

"Vizuri sana," alisema Enesi. Akaenda yeye, Mzee Osea akabaki amekalia betri. Aliporudi akaikalia yeye, akaenda Mzee Osea. Nauli zote mbili, na kitenge, vilitoka kwenye kopo.

Akajaribu sayansi. "Wazee wangu, nikiifungua hii inatoa mionzi. Inaharibu uzazi. Nyinyi kaeni nje."

"Mimi nimeshazaa wanane," alisema Enesi. "Mzee Osea ana wajukuu kumi na mmoja. Fungua tu, mwanangu. Wewe ndiye ukae mbali, bado kijana."

Akajaribu siri za ufundi. Akasema umeme wa ndege una haya, haushiki ukitazamwa. Mzee Osea alilifikiria jambo hilo kwa heshima zote, kisha akasema atafumba macho, ila mkono utabaki juu ya betri.

Siku ya tatu Makame aliikumbuka methali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Wahenga hawakuwa wajinga. Akaazima jembe kwa jirani, akalileta na sura ya mtu aliyechoka, akalisimamisha katikati ya ua bila kusema neno. Mgeni yeyote mwenye aibu angefunga mzigo wake hapo hapo.

Enesi alipiga magoti kwa furaha. "Mungu akubariki! Mikono ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa naona haya kuomba."

Kufikia saa sita ua mzima ulikuwa matuta. Waliingia kwa zamu, mmoja analima, mmoja kakalia betri. Walilima penye kamba za nguo, wakalima njia ya chooni, wakapanda maharage, na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi aliteleza kwenye tuta akakaa. Alipoinuka, Enesi alikuwa amemshikisha ndizi tatu na kumweleza kwamba udongo wake ni mzuri lakini umepuuzwa. Mwenye nyumba akaondoka amesahau kilichomleta. Na kwa kuwa kazi ya shamba inaleta njaa, siku hiyo walikula mara nne.

"Makame," Fauzia alimwuliza jioni, akihesabu sahani, "hao wazee wataondoka lini?"

"Sistimu chaji haijafika kutoka Zambia."

"Ahaa." Akamtazama kidogo. "Basi kesho nichinje wangapi?"

Ungemwona Makame siku hizo ungemsikitikia, na mimi simsikitikii mtu kirahisi. Kila asubuhi betri ilitundikwa kwenye mizani iliyoning'inizwa mlangoni pake. "Kilo tatu na robo," Mzee Osea alitangaza. "Kilo tatu na robo," Enesi aliandika. Na kila asubuhi kopo la maziwa nalo lilipungua, hilo halikupimwa na mtu. Alikuwa akilitikisa akisikia lilivyokuwa jepesi, na moyo unamwuma. Friji ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake, paja kwa paja, na asingeweza kusema lolote, maana angesema nini? Kwamba aliwaalika ili awaibie, na wao hawampi nafasi?

Angeweza kuwafukuza. Alijaribu. Siku ya saba alisimama mbele yao, akavuta pumzi, akasema, "Wazee wangu, kwa kweli..." Mzee Osea akainua uso wenye mafuta ya pilau na kumwambia, "Mwanangu, mimi nilizika watoto wawili wa kiume. Sijui kama wangeweza kunitunza hivi." Makame akaenda kununua kuku.

Siku ya tisa alisalimu amri. Alivuka Nakonde akamtafuta Gibson, fundi wa kweli, Mbemba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye Makame kila siku alimkwepa kwa sababu mafundi wa kweli humfanya mtu ajisikie vibaya.

"Mulishani, ba Makame," Gibson alimsalimu kwa Kibemba. "Leo unauza sabuni gani?"

"Nisaidie, ndugu yangu. Nina betri. Sistimu chaji imeungua."

"Hiyo tu? Kazi ya robo saa."

"Robo saa?" alirudia Makame.

Gibson akaja na kibegi chake. Wasindikizaji walikaa pande mbili za meza, magoti yakigusa meza. Akafungua kifuniko cha pembeni, na ndani vikaonekana vibetri arobaini, vya kijani, vimepangana kama mayai kwenye trei. Makame alitazama pembeni. Enesi akavihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, akaandika.

Gibson akakata waya mwekundu kwanza, akauziba ncha kwa utepe, ndipo akaugusa mweusi. "Hizi mbili zisibusiane," aliwaambia wazee. "Zikibusiana tunahama mtaa." Akang'oa tundu la zamani lililoungua, akatoa mfukoni jingine la chuma, la duara, lenye kifuniko cha kuzungusha kama skrubu. Akaunganisha kwa risasi ya kuchomelea, akapima kwa mita kwamba chanya ni chanya na hasi ni hasi, akaweka lenzake kwenye waya wa chaja, akavifunga pamoja kwa kuzungusha. Taa ikawaka nyekundu. Akaitikisa betri. Akaigonga mezani. Nje lori likapita, baraza ikatetemeka. Taa haikuzimika.

"Haijatoka," alisema Mzee Osea kwa mnong'ono, na machozi yakamlengalenga.

"Kitu hiki kinaitwaje?" Enesi akauliza, kalamu tayari.

"Hii? Mafundi tunaiita plagi ya ndege," alisema Gibson. "Kwenye ndege zamani walifunga hivi hivi, isichomoke ikitikisika."

Makame alikaa chini. Uongo wake alioubuni barazani kwa kinyozi, na ndevu shavu moja, ulikuwa kweli tangu mwanzo. Hakuna kitu kinachomtisha mwongo kama hicho.

Akamlipa Gibson kwa zilizobaki koponi, hazikutosha, akaongeza redio.

Betri ikapimwa kwa mara ya mwisho. Mshale ulipita robo kidogo, kwa sababu ya kile chuma kipya. Mzee Osea akapima mara ya pili, kisha akamgeukia Makame na kumshika mikono yote miwili. "Miaka yangu yote sijawahi kuona. Mali imetoka nyumbani ikarudi imeongezeka uzito! Enesi, andika. Andika fundi hakutuibia, ametuongezea."

Walipanda gari la Vwawa mchana huo, betri katikati yao. Enesi alimwachia jembe la jirani limenolewa.

Makame alibaki na kopo tupu, ua wenye matuta, na uamuzi. Atamwambia Fauzia ukweli. Atasema, sina friji, sina redio, nina moyo huu tu, nipe muda. Alijisikia safi, karibu mtakatifu, na alifanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi.

Alipofika, wabeba mizigo wawili walikuwa wanateremsha friji mlangoni kwa Fauzia. Nyeupe, ndefu, bado ina nailoni.

"Nani?" alisema. "Fauzia, nani kakuletea?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku tisa, Makame. Kuku, pilau, chapati, mara tatu kwa siku, siku ya jembe mara nne. Na mkononi! Nimeongezea yangu kidogo tu." Akawaelekeza wabebaji kona ya kuiweka. "Ile siku ya pili mama Enesi alitaka kuondoka, akasema betri bora wairudishe. Nikamwambia, mama, kaa. Fundi wako ni mwenye haya, hajui kufukuza mgeni. Ila betri usiiache hata dakika moja, maana huyo namjua."

Maisha yake yote Makame alikuwa amewaingiza watu mjini, na hakuwahi kujua kwamba ukiingizwa, kwanza unahisi kizunguzungu, halafu unataka kucheka, halafu inauma.

"Na lile neno?" aliuliza mwishowe. "Ulisema nikileta friji..."

"Nilisema uilete. Hii nimeinunua."

"Kwa hela yangu!"

"Kwa hela ya pilau yangu." Fauzia akaichana ile nailoni kwa kucha, taratibu, akaifungua friji akatazama ndani palivyokuwa papana. Kisha akamtazama yeye, mwembamba kuliko alivyokuwa wiki iliyopita, na midomo yake ikatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Umekula leo?"

"Sijala."

"Ulimsikia yule mzee alivyokuwa anakusifu barazani kwangu? Analia kabisa. Nikasema, kumbe mtu huyu akibanwa anaweza kuwa mtu."

Makame hakujua kama ametukanwa au amepewa nafasi, akaona bora asiulize. Akavuta kiti. Jua lilikuwa kali, na koo limemkauka kwa yale maneno aliyoyafanyia mazoezi na hayakutumika.

"Basi nipe juisi," alisema. "Ya baridi."

"Haijapoa bado. Njoo kesho."

Akaenda kesho yake. Alikuwa amenyoa mashavu yote mawili. Akapewa glasi ya ukwaju, akainywa amesimama, akatia mkono mfukoni na kulipa bei ile ile wanayolipa madereva.